Wa kwanza kusukuma mlango wa State House hawakuwa sisi

Alhamisi ya 27 Juni 2024 nilitoka nyumbani Ngara na mabeshte wangu wawili, raba miguuni, chupa ya maji kwa begi, simu ikiwa imejaa chaji. Hashtegi ya siku hiyo ilikuwa inasema twende tuikalie State House. Hatukufika. Tulipokaribia University Way, barabara za kupanda kule juu zilikuwa zimefungwa, lori limewekwa kwa upana, askari wamesimama mistari miwili. Tukazunguka tukajaribu njia nyingine. Imefungwa. Tukajaribu ya tatu. Saa tisa hivi tukarudi mtaani kwa miguu, tumechoka na hatuna la kusimulia isipokuwa vile tulivyoona lori.

Sasa, cuzo wangu ni askari. Siku hiyo alikuwa kazini, na jioni alipompigia shosh simu ndipo nikajua alikuwa amesimama kwenye kizuizi kimojawapo cha kwenda huko huko nilikokuwa nataka kwenda. Hakikuwa kile nilichofikia mimi, lakini kingeweza kuwa. Shosh alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hivyo mmoja wenu yuko ndani ya ua na mwingine yuko nje. Mimi nikipiga magoti usiku nimwombee nani?"

Hiyo wiki kila video ya pili ilikuwa inasema kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya Kenya watu wanataka kuingia State House kwa nguvu. Hata mimi nilisema hivyo kwa video yangu, na ikatazamwa sana kuliko zote nilizowahi kupakia. Ilikuwa si kweli. Sikujua kama si kweli, lakini nilisema kwa ile sauti ya mtu anayejua. Tangu wakati huo nimekuwa nikiisoma ile nyumba kama mtu anayechungulia akaunti ya mtu waliyeachana naye, na hii ndiyo posti ya kurekebisha makosa yangu. Ni ndefu. Tafuta chai.

Tuanze na mahali penyewe. Kama umewahi kupiga picha za kufuzu ama kufanya pikniki pale Arboretum, ulikuwa jirani wa rais. Ule msitu na ile nyumba ni mapacha. Arboretum ilianzishwa 1907 ili serikali ya kikoloni ijaribu miti inayokua haraka, kwa sababu treni ilikuwa inakula kuni na miti ya asili ilikuwa inaisha. Mwaka huo huo, 1907, ikajengwa nyumba ya gavana wa British East Africa, ikaitwa Government House. Nairobi yenyewe ilikuwa na miaka minane tu tangu reli ifike 1899. Kwa hivyo hebu fikiria: kambi ya reli, matope, mabati, halafu kule kilimani ambako hewa ni safi, nyumba moja kubwa inayoangalia wengine wote chini.

Utasoma mahali pengi kwamba nyumba hiyo ilichorwa na Sir Herbert Baker mwaka 1907. Mimi hapo nabishana. Baker mwaka 1907 alikuwa bado anafanya kazi zake Afrika Kusini, ambako baadaye alijenga Union Buildings za Pretoria. Baada ya hapo akaenda India kushiriki ujenzi wa New Delhi. Kwetu aliletwa miaka ya 1920, wakati wa Gavana Edward Grigg, mtu aliyependa majengo makubwa, na ndipo Government House ikapata ile sura ya nguzo na madirisha marefu ambayo tunaijua. Shule inayoitwa leo Nairobi School pia ni kazi ya Baker. Mbona nang'ang'ania hii maneno ya fundi? Kwa sababu mkono ule ule ulichora vyumba vya mamlaka Pretoria, New Delhi na Nairobi. Jengo lilikusudiwa kukufanya ujione mdogo kabla hujafungua mdomo. Haikuwa bahati mbaya.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho kilinifurahisha. Gavana alikuwa anafanya kazi zake rasmi mjini, kwenye ile nyumba ya mawe ya zamani ya PC iliyo kando ya Nyayo House, pale kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambayo siku hizi ni Nairobi Gallery. Jioni ndipo alikuwa anapanda kilimani kulala. Shika hiyo, tutairudia, kwa sababu sisi tuliigeuza juu chini.

Kabla ya kufika kwa hadithi yenyewe lazima tupitie 16 Machi 1922. Harry Thuku, kijana wa miaka kama ishirini na kitu, karani wa simu, alikuwa amekamatwa kwa kupinga kodi, kipande na mishahara kupunguzwa. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, mahali ambapo leo ni Central Police Station. Hawakuwa na bunduki. Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume waliokuwa wanasitasita, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Yeye akawa miongoni mwa waliokufa. Ripoti rasmi ilihesabu maiti 21, na mashahidi wengine walitaja idadi kubwa kuliko hiyo. Kutoka pale hadi geti la gavana ni mwendo wa kupanda kwa miguu, dakika chache tu. Hakuna aliyepanda. Watu hawakuwa wamefika hata karibu na ile nyumba, walikuwa nje ya kituo cha polisi, na bado wakauawa.

Sasa njoo Januari 1953.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wameshikwa na kesi ilikuwa inaendelea Kapenguria. (Ile barabara inayopita karibu na State House kuelekea Kilimani, Denis Pritt, imepewa jina la wakili aliyewatetea. Nimeipita na mathree miaka mingi nikidhani ni jina la mlowezi.) Usiku wa 24 Januari 1953 familia moja ya walowezi ikauawa huko Kinangop, baba, mama ambaye alikuwa daktari, na mtoto wao wa miaka sita, pamoja na mfanyakazi wao Mwafrika. Mauaji ya kutisha, na picha za chumba cha yule mtoto zikasambaa kwenye magazeti. Siku mbili baadaye walowezi Wazungu takriban 1,500 wakakusanyika Nairobi na kuandamana hadi Government House.

Soma tena. Wazungu elfu moja mia tano. Wakulima wakubwa, wake zao, watu waliokuwa na klabu zao na bwawa zao za kuogelea. Walipanda ile barabara, wakaingia hadi kwenye uwanja wa nyumba, wakafika mlangoni na kuanza kuusukuma. Walikuwa wanataka gavana atoke awasikize, walitaka hatua kali zaidi dhidi ya Waafrika, na walitaka wao wenyewe wawe na usemi katika kuendesha vita. Baring akakataa kutoka nje.

Aliyesimama katikati ya gavana na umati ni nani? Askari Waafrika. Walishikana mikono kufanya ukuta wa miili, na walowezi wakawa wanawachoma mikono kwa sigara zilizowashwa ili waachie. Michael Blundell, kiongozi wa walowezi katika baraza la kutunga sheria, ndiye aliyelazimika kutoka nje kuwatuliza wenzake.

Halafu kuna ile sehemu ambayo kama ningeiona kwenye filamu ningesema mwandishi ameongeza chumvi. Siku hiyo ndani ya Government House kulikuwa na mgeni: Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub. Yeye na mkewe walipoonekana kutoka ndani, umati ukapandwa na wazimu zaidi, na mtu akapiga kelele, kwa tusi ambalo sitaliandika hapa, kwamba nyumba imekabidhiwa watu weusi. Kumbuka kwamba kisheria ule ukanda wa pwani wa maili 10, Mombasa ikiwemo, ulikuwa mali ya huyo Sultani, na Waingereza walikuwa wanauendesha kwa makubaliano na kumlipa kila mwaka. Kwa lugha ya mtaani, walikuwa wanamtusi landilodi.

Sasa linganisha na 1922. Wakati ule wa hali ya hatari mlowezi alikuwa anatembea na bastola kama vile sisi tunavyotembea na simu. Na bado, baada ya kuvamia nyumba ya gavana na kuchoma askari, hakuna mlowezi aliyepigwa risasi. Waliongeleshwa. Wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ikaunda Baraza la Vita, watu wachache sana mezani, na mmoja wao akawa Blundell mwenyewe. Walitaka usemi, wakaupata. Hao ndio wa kwanza kusukuma mlango wa State House, na walifanikiwa.

Mimi hiyo ndiyo iliyonikalia vibaya. Kumbe mlango ule unajua kusikia, inategemea ni nani anayebisha.

Twende mbele haraka. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 bendera yetu ikapanda Uhuru Gardens, watu wakalia. Lakini kwa mwaka mzima baada ya hapo, aliyebaki kule kilimani alikuwa Mwingereza. Malcolm MacDonald, aliyekuwa gavana wa mwisho, akawa Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia Elizabeth, na Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Tulikuwa na uhuru na landilodi bado yuko kwa nyumba. Ni tarehe 12 Desemba 1964, tulipokuwa jamhuri na Mzee akawa rais, ndipo kiti cha kilimani kikawa chetu, na Government House ikawa State House. Ikulu, tukitaka Kiswahili cha taarifa ya habari. Neno hilo lenyewe lilitoka bara, kwa Wanyamwezi wa Tanzania, na maana yake ilikuwa makao ya mtemi.

Jomo hakupenda kulala pale. Kila siku msafara ulikuwa unamrudisha kwake Gatundu. Sababu zinazosimuliwa ni nyingi, hata mapepo ya Wazungu yamo. Moi naye alipendelea nyumba yake ya Kabarnet Gardens. Ile niliyokwambia ushike, sasa itoe: gavana alifanya kazi mjini akalala kilimani, marais wetu wawili wa kwanza wakafanya kazi kilimani wakalala kwingine. Nyumba ya kulala ikawa ofisi. Na ukichunguza utaona kwamba hilo si jambo la kitanda tu. Katiba tuliyopewa 1963 ilikuwa imegawanya madaraka kwa majimbo na kwa Seneti. Kufikia 1967 majimbo yalikuwa yamekufa na Seneti imefutwa, marekebisho moja baada ya jingine. Hayo madaraka yote hayakupotea hewani. Yalipanda ule mlima.

Na yalikuwa yanatembea na mtu. Rais akiwa State House ya Nakuru, serikali iko Nakuru. Mawaziri na wajumbe wanamfuata huko. Akiwa Mombasa, iko Mombasa. Jomo alifia State House ya Mombasa alfajiri ya 22 Agosti 1978, na siku hiyo hiyo Moi akaapishwa State House ya Nairobi kuwa kaimu rais. Nchi ilibadilisha mkono kutoka Ikulu moja hadi nyingine kabla wengi hawajamaliza kusikia redioni.

Enzi ya Moi mimi sikuiona, lakini nimeisikia kwa baba yangu mpaka naijua kama naimba. Anasema jambo moja tu: saa saba mchana. Ile taarifa ya habari ya saa saba ndiyo waziri alikuwa anajua kwamba si waziri tena. Anaweza kuwa kwenye mkahawa anakula ugali, dereva amekaa nje kwa gari la bendera, redio inasoma, na akitoka nje dereva ameshang'oa bendera. Baba anasema mikahawa yote ya mjini ilikuwa inanyamaza saa hiyo, vijiko vinasimama hewani. Hakuna aliyehojiwa bungeni, hakuna aliyepigiwa kura. Karatasi ilikuwa imetoka kilimani. Ndivyo nchi ilivyoendeshwa, na kutoka 1982 hadi Desemba 1991 chama kilikuwa kimoja kisheria, kwa hivyo hata kama hukupenda hukuwa na mahali pa kwenda kukasirikia.

Upande ule mwingine, watu walipelekwa pale kwa mabasi. Wajumbe, kwaya, wazee wa mila na fimbo zao, wakipewa chai na kuimba. Kila kitu tunachokiona leo, hawa wajumbe wanaoalikwa kwa maelfu, tenti nyeupe kwa nyasi, si kitu kipya hata kidogo. Septemba 2025 walimu zaidi ya 10,000 walialikwa siku moja, na wengi kwenye mtandao wakashangaa. Baba yangu hakushangaa. Aliuliza tu kama walipewa soda.

Kibaki ndiye anayetajwa kuwa rais wa kwanza kuifanya State House kuwa nyumbani kweli. Aliapishwa mara ya kwanza tarehe 30 Desemba 2002 pale Uhuru Park, kwa kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya barabarani, mbele ya bahari ya watu waliopanda hadi juu ya miti. Miaka mitano baadaye, siku hiyo hiyo ya mwaka, 30 Desemba 2007, akaapishwa tena. Na hii ndiyo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu wengi wenu mlikuwa watoto wachanga ama hamkuwa mmezaliwa.

Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka runinga. Samuel Kivuitu wa tume ya uchaguzi alitangaza matokeo huku kukiwa na vurugu pale KICC, na muda mfupi tu baadaye, jua likizama, picha zikageuka zikaonyesha nyasi za State House. Viti vichache. Watu wachache, wamevaa suti, wamekaa kama wako matanga ya mtu wasiyemjua vizuri. Giza linaingia. Biblia, kiapo, sahihi. Hakukuwa na umati wala miti iliyopandwa. Mama alizima runinga akatuambia twende tulale na hatukuwa tumekula. Usiku huo sehemu za nchi zikaanza kuwaka. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao.

Siwezi kusema kwamba watu walikufa kwa sababu ya mahali pa kiapo. Kulikuwa na kura, kulikuwa na ardhi, kulikuwa na mambo ya miaka mingi. Lakini ile picha ya jioni ndiyo iliyowaambia mamilioni ya watu kwamba jambo lao limemalizwa bila wao, ndani ya ua.

Na hii si mawazo yangu tu, soma sheria uone vile inavyoogopa ile jioni. Katiba ya 2010, ambayo yenyewe ilizinduliwa hadharani Uhuru Park tarehe 27 Agosti, inasema kwenye kifungu cha 141 kwamba rais mteule ataapishwa hadharani, mbele ya Jaji Mkuu. Inataja siku: Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa, ikiwa hakuna kesi. Ikiwa kuna kesi, Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu mahakama kuamua. Kisha ikaja sheria ya 2012 ya kuchukua madaraka ya urais, ikataja hadi saa: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jamani, sheria ya nchi nzima inasema kiapo kiwe mchana. Ukiisoma bila kujua 2007 utadhani waliandika wapangaji wa harusi.

Katiba hiyo iliendelea kutoa vitu kilimani kimoja kimoja. Mawaziri sasa lazima waidhinishwe na Bunge, kwa hivyo wanahojiwa mbele ya kamera. Magavana 47 wakapata bajeti zao. Kifungu cha 37 kikasema kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Hata maridhiano yetu yamekuwa na aibu ya kufanyika Ikulu. Kibaki na Raila walitia sahihi mkataba wa 28 Februari 2008 nje ya Harambee House, Kofi Annan akiwa hapo. Uhuru na Raila wakasalimiana 9 Machi 2018 kwenye ngazi hizo hizo za Harambee House. Ukitaka watu waamini, unashuka mjini.

Lakini kuna kitu kimoja hakikutoka, na ndicho kilichotupandisha mlima 2024.

Kulingana na kifungu cha 115, mswada ukipita Bungeni unapelekwa kwa rais, na ana siku 14 kuutia sahihi ama kuurudisha na sababu zake. Hiyo ni sawa, kila nchi ina utaratibu wake. Shida ni kile kinachofanyika kabla. Tarehe 18 Juni 2024, siku ambayo vijana wa kwanza walikuwa wanakamatwa mjini, wabunge wa upande wa serikali walikuwa wamekutana State House, na kutoka huko ndiko tulikosikia kwamba ushuru wa mkate umeondolewa na ule wa magari pia. Tulifurahi. Halafu tukafikiria. Kwani mswada ulikuwa Bungeni ama ulikuwa kilimani? Tarehe 25 wabunge 195 wakapiga kura ya ndiyo, 106 hapana, watu wakaingia Bungeni, damu ikamwagika nje. Tarehe 26 rais akasimama State House, wabunge wale wale wakiwa nyuma yake, akasema hatatia sahihi. Wakampigia makofi. Yaani wale waliopitisha jana ndio wanaoshangilia leo mswada ukifa. Kama wewe ni kijana unaangalia hiyo kwa simu, na umewahi kujiuliza Bunge liko wapi hasa, umejibiwa. Ndiyo sababu tarehe 27 hatukurudi Parliament Road. Mtu hakutupanga. Tulifuata mahali ambapo tuliona sauti ikitoka.

Kufikia 1 Julai tume ya haki za kibinadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa tangu maandamano yaanze. Tarehe 11 Julai rais akavunja karibu baraza lote la mawaziri, tena kwa hotuba kutoka State House. Kibaki alifanya hivyo hivyo Novemba 2005 baada ya kushindwa kwenye kura ya maoni. Hapo tu nilimwelewa baba na vijiko vyake.

Cha kushangaza ni kwamba Wakenya wanaipenda ile nyumba. Mwaka 2025 picha ziliposambaa zikionyesha ukarabati na lile paa la vigae likiondoka, watu walilia mtandaoni kana kwamba ni paa la nyumba ya ushago. Miezi michache baadaye rais akasema anajenga kanisa mle ndani kwa pesa zake, na kelele ikaanza upya: unajengaje kwako kwa ploti ya umma? Watu ambao hawajawahi kupita geti lile walikuwa wanabishana kuhusu vigae na misumari. Mimi pia nilibishana. Nilikuwa na maoni makali sana kuhusu paa.

Mwaka jana nilienda Arboretum kurekodi utangulizi wa video kuhusu haya yote. Nikatafuta mahali ambapo ua unaonekana kwa mbali nyuma yangu. Mzee mmoja aliyekuwa anafanya mazoezi na fulana ya taulo shingoni akasimama akaniangalia. "Kijana, weka hiyo simu mfukoni," akasema, si kwa ukali. "Upande huo haupigwi picha." Nikamwambia sawa mzee, nikageuka nikarekodi nikiwa na miti tu. Ilikuwa bado ni miti mizuri.

Krismasi tulikutana kwa shosh, mimi na cuzo. Hatukuwa tumeongea vizuri tangu ile Juni, ilikuwa ni zile salamu za niaje, poa, basi. Baada ya chakula nikamsomea ile sehemu ya 1953, walowezi, mlango, sigara. Alisikiza hadi mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa kama wale askari walilipwa ovataimu. Tukacheka hadi shosh akatoka jikoni kuuliza kuna nini. La pili likawa gumu zaidi. Aliuliza walikuwa wanaitwa nani.

Baring ana jina, Blundell ana jina, Sultani ana jina. Wale askari, kwa vitabu, ni mikono tu. Wangekuwa na miaka karibu mia sasa, lakini watoto na wajukuu wao wako hapa mjini, labda unasoma hii ukiwa kwa mathree. Kama guka wako alikuwa polisi Nairobi mwaka huo, na alikuwa na makovu madogo ya duara kwa mkono ambayo hakuwahi kueleza vizuri yalitoka wapi, niandikie hapo chini. Cuzo anataka kujua.